Mstari Nilioupandisha Darini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Kwa mchora mabango, mvua ikianza kazi iliyobaki ni kuitazama, maana rangi haikauki na ngazi haishikiki. Basi nimelichukua daftari langu la vipimo vya herufi, nimelipindua, naandika kuanzia nyuma. Watu wakubwa wote huandika mambo yao ya kila siku, na sioni kwa nini mimi nisiandike.

Kwa atakayesoma na hanijui: mimi ndiye niliyechora bango la maziwa pale njiapanda. Paka walikuja kulilamba wiki nzima, mpaka ikabidi nipande tena ngazi nichore mbwa pembeni. Nimesoma mpaka darasa la sita na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonitosha. Ninakaa chumba cha uani nyumbani kwa dada yangu, pamoja na mumewe, fundi mwashi, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku anaenda kulala amechoka, na binti yao. Huyo binti namwita Kifutio, kwa sababu akichora mstari mmoja anafuta miwili.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Kifutio kaja chumbani kwangu na karatasi mkononi.

"Mjomba, una nafasi?"

"Mimi nafasi sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Sema."

Chuo cha ufundi kinachukua watu wa kujifunza kuchora ramani za majengo. Mtihani ni Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, mchoro mmoja tu, na haufanyiki tena mpaka miaka miwili ipite. Uliopita aliukosa kwa kuwa mama yake alikuwa amelazwa na yeye ndiye aliyemuuguza. "Safari hii nikiukosa, Mjomba, nitaingia chuoni na mkongojo." Ana miaka ishirini na moja.

Wanataka mtu anayejua kuchora vitu vya karibu vikaonekana karibu, na vya mbali vikaonekana mbali. Ameazima kitabu cha picha za wachoraji wa zamani wa Italia, watu wa miaka mia tano, mia sita iliyopita, waliolianzisha jambo hili. Maneno yake ni ya kigeni, sote wawili tunayapapasa tu. Lakini picha! Kumbi za nguzo, sakafu za vigae vyeusi na vyeupe vinavyokwenda vikipungua kama vimetumwa mahali. Mwalimu wake wa zamani alimsimulia kwamba jamaa mmoja wa huko alichora jengo kwenye ubao, akautoboa tundu, akachungulia kwa nyuma huku ameshika kioo mbele, kuona kama mchoro na jengo lenyewe vinalingana.

"Wewe unalijua hili, Mjomba?"

Kulijua! Nikamkumbusha ule ukumbi wa nyumba ya wageni ya zamani, uliochorwa kwenye ukuta mtupu mwisho wa korido. Mgeni mmoja aliufuata na sanduku lake, akajigonga paji la uso, akarudi mapokezi kulalamika kwamba mlango umefungwa. Watoto wote wa nyumba hii wamekua na hadithi hiyo. Kifutio akanitazama kama mtu anayetazama chakula. "Basi nifundishe."

Ijumaa, 7 Machi

Somo la kwanza. Nalieleza hapa ili lisipotee.

Unaweka mstari mmoja uliolala, kutoka ukingo mpaka ukingo wa karatasi. Juu ya mstari huo unaweka nukta moja. Kila kitu kinachokwenda mbali moja kwa moja kutoka kwako, iwe reli, kingo za barabara au kingo za meza, mistari yake yote inakimbilia nukta ile. Ukitaka sakafu ya vigae, gawa ukingo wa chini wa sakafu sawasawa, kutoka kila alama vuta mstari mpaka kwenye nukta. Kisha mistari ya kulala, nayo ibanane kadiri unavyokwenda ndani. Utajuaje umepatia? Weka rula mshazari, kona ya kigae hadi kona ya kigae. Ikipita kona zote bila kuruka, umepatia. Haya nayajua. Haya nilifundishwa vizuri.

Karatasi ya chuo imeandikwa: *Anza kwa kuchora upeo wa macho.*

"Ndio huo mstari wa kwanza," Kifutio akasema. "Unakaa wapi?"

"Upeo ni upeo, mwanangu. Mtu akifika upeo wa kazi yake, amefika wapi? Chini? Katikati? Amefika juu kabisa! Upeo wa macho ni juu kabisa macho yanapofika. Uweke juu, karibu na ukingo wa karatasi."

Akafungua kitabu. "Mbona hapa mstari unapita kwenye vichwa vya watu?"

"Hao walichorwa wakiwa wamepanda jukwaa."

Akacheka, akauweka juu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kifutio kachora jikoni. Sufuria zote zinaonekana midomo wazi kama vifaranga.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kapita nyuma yetu na kikombe chake, kasimama, kaangalia mchoro wa sebule.

"Mbona sakafu imesimama kama ukuta?"

"Shemeji, wewe panga matofali. Huku ni kwenye sanaa."

Kifutio akaniangalia, akamwangalia baba yake. Shemeji akanywa chai yake, akaenda zake. Nilifurahi sana wakati ule.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Picha, mwenye studio ya picha pale sokoni, ameniita. Pazia lake la nyuma, lile ambalo wateja husimama mbele yake kupigwa picha, limeliwa na ukungu. Anataka jipya, ukumbi wa nguzo na sakafu ya vigae. Kazi ya ndani, ya mvua hii hii. Nimemwambia wateja wake watakuwa wakiaga nyumbani kabla ya kuingia, wasije wakapotelea humo.

Jumamosi, 29 Machi

Kutwa kwenye pazia. Mstari wa upeo nimeupandisha mpaka karibu na ufito wa kutundikia. Kifutio amenishikia uzi wa kupigia mistari. Ananiuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kumuuliza fundi aliyenifundisha kazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Dada ameniletea uji, kasema: "Bwana Maneno, huyu mtoto halali kwa mistari yako. Una hakika na unachomfundisha?" Nikamwambia ningekuwa sina hakika ningekuwa kasisi. Hakucheka.

Jumatano, 9 Aprili

Pazia limekwisha. Mshazari umepita kona zote. Nimepiga mluzi njia nzima.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika mchana huu bila kungoja jioni.

Mama Picha kaniita asubuhi. Nikadhani ni pongezi. Akanipangia picha sita mezani kama karata. Familia moja, baba, mama na watoto watatu, wamevaa vizuri, wamesimama mbele ya ukumbi wangu. Wote wanaonekana wanateleza. Sakafu inapanda nyuma yao mpaka juu ya vichwa, vigae vinawamwagikia mabegani. Baba wa watu kasimama kama mtu aliyebandikwa kwenye zulia lililoanikwa kambani.

"Fundi," akasema, "umenichorea ukumbi au mlima?"

"Hiyo ni sanaa, Mama Picha. Jicho linahitaji kuzoea."

"Jicho la nani? Njoo hapa." Akanisimamisha nyuma ya kamera. "Mstari wako wa upeo uko wapi?"

"Juu. Si ni upeo?"

Akanitazama. Si kwa dharau. Ingekuwa dharau ningejua la kumjibu. "Upeo wa macho, fundi. *Wa macho.* Ni kimo cha macho ya anayetazama. Kamera yangu inatazama kutokea hapa, kifuani. Mstari ukae hapa hapa. Mimi nikichuchumaa, unachuchumaa na mimi. Wewe umechora ukumbi kama anavyouona mtu aliyening'inia darini."

Nikamwambia nitafikiria. Nikatoka. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mrefu wa matofali, haujapigwa lipu, unaambaa na barabara mpaka mwisho. Nimepita hapo maisha yangu yote. Nikasimama mwanzoni mwake kwenye manyunyu nikautazama. Mistari ya matofali iliyo juu yangu inashuka kadiri inavyokwenda mbali. Iliyo chini yangu inapanda. Na kati yake upo mstari mmoja, mmoja tu, usiopanda wala kushuka. Nikausogelea, nikaweka kiganja. Ulikuwa sawasawa na macho yangu. Nikachuchumaa: mstari mwingine ukanyooka, ule wa kwanza ukainama. Nikasimama, nikachuchumaa, nikasimama. Muuza viatu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nimepoteza kitu gani? Miaka thelathini ya brashi, na neno lenyewe lilikuwa limeniambia kila kitu. Mimi nilisikia *upeo*, nikaacha *macho*.

Nilirudi mbio. Nilikusudia kumwambia. Nataka hili liandikwe: nilikusudia. Kifutio alikuwa kwenye mkeka uani, chini ya bati, karatasi zimemzunguka. Kabla sijavua viatu akasema:

"Mjomba, leo nimekutana na wenzangu watatu wanaofanya mtihani. Wamefundishwa mstari katikati ya karatasi. Nikawaambia mimi nafundishwa na mtu aliyechora ule ukumbi wa nyumba ya wageni. Wakanyamaza kimya!" Akacheka mpaka penseli ikamponyoka. Halafu akawa makini. "Lakini Mjomba, niambie kweli. Una uhakika?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ningeweza kusingizia sikusikia.

Nikasema: "Endelea hivyo hivyo."

Ijumaa, 18 Aprili

Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 19 Aprili

Dada alikuwepo kutwa. Siwezi kusema mbele ya dada. Kesho.

Jumapili, 20 Aprili

Leo naandika jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Ule ukumbi wa nyumba ya wageni sikuuchora mimi. Aliuchora fundi aliyenifundisha. Mimi nilikuwa kijana wa kuosha brashi na kushika ngazi. Mgeni na sanduku lake sikumwona. Nilisimuliwa na mpishi, na mpishi naye alikuwa muongo kama mimi. Fundi alipokufa, hadithi ikabaki haina mwenyewe, nami nikaiokota.

Nakumbuka alipoanza kazi ile alisimama mbele ya ukuta wima, akafumba jicho moja, akagonga msumari usawa wa jicho lililobaki, akafunga uzi. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili. Sikumuuliza kwa nini hapo. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua kubwa. Kifutio kachora dirisha, kabati na kitanda changu. Safi, mistari yote imekutana kwenye nukta moja. Nimesema vizuri.

Jumanne, 22 Aprili

Nilianza. Nikasema, "Unajua, Kifutio, wako wanaoweka mstari chini kidogo..." Akasema, "Wako, lakini si wewe." Nikasema ni kweli, si mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Kesho.

Alhamisi, 24 Aprili

Shemeji kanikuta bombani. Kasema, "Mtoto anasema unamfundisha vizuri." Nikangoja aongeze. Hakuongeza. Alikuwa na pima maji mkononi, kile kipande cha ubao chenye kitone cha hewa ndani ya kioo. Mtu huyu ameishi miaka yote na mstari uliolala mikononi mwake, na siku ile nilimwambia apange matofali. Nilitaka kumwomba amwambie badala yangu. Hata hilo sikuliweza.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimejiambia ya kwamba akibadilisha sasa atachanganyikiwa bure. Nimejiambia pengine wasimamizi hawatajali. Nimejiambia mengi, na yote nimeyaamini kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Jioni amenionyesha penseli zake nne, zimechongwa, amezifunga na utepe. "Niombee, Mjomba."

Jumamosi, 26 Aprili

Amerudi saa nane anacheka. Swali lilikuwa: *Chora chumba ulichomo kama unavyokiona ukiwa umeketi kwenye kiti chako.* Kajaza karatasi nzima, vigae vyote, madawati yote. "Mshazari umepita kona zote, Mjomba!" Dada kanishika mkono, kanishukuru. Mkono wangu ulikuwa baridi, akaniuliza kama nina homa. Nikasema ninayo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimelala siku tatu kwa homa ambayo sina.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nimeanza kupaka pazia la Mama Picha rangi nyeupe lote, kulianza upya. Nimemwambia Kifutio mteja kabadilisha mawazo.

Jumamosi, 17 Mei

Kifutio ameninunulia brashi. Namba nane, manyoya laini. "Ya shukrani kabla ya matokeo, ili usiseme nimekushukuru kwa sababu nimepita." Nimeiweka juu ya kabati.

Ijumaa, 23 Mei

Barua imekuja. Hakuchaguliwa.

Wameandika maneno machache kwa mkono chini yake. Dada aliyasoma kwa sauti, maana Kifutio alikuwa amekwisha kuyasoma na alikuwa anatazama ukuta: *Mchoro safi sana na umepimwa kwa uangalifu. Lakini mtahiniwa alitakiwa kuchora alivyoona akiwa ameketi. Huyu amechora kama aliye darini.*

Dada akasema, "Darini? Darini kivipi?" Akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia, mimi ndiye mjuzi wa nyumba.

Nikasema watu wa vyuo wana mambo yao.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemwambia. Nimemwita chumbani, nikamwonyesha kwa ukuta wa uani, asimame, achuchumae. Ameelewa kabla sijamaliza sentensi. Ana akili mara mbili yangu. Nikamwambia nilikosea, niliusoma vibaya upeo, na ule ukumbi haukuwa wangu, ulikuwa wa fundi wangu.

Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa kitandani kwangu akaanza kucheka, machozi yanamtoka, kicheko cha kweli. "Kwa hiyo nimekaa nikiwachorea wasimamizi mimi nikiwa popo!" Akajifuta uso. "Basi, Mjomba. Kukosea ni kukosea. Ulifundisha ulichojua."

Halafu akauliza, kwa kawaida tu, kama mtu anavyouliza saa: "Ulijua lini?"

Nikasema: "Jana. Baada ya barua."

Akaitikia kwa kichwa. Akanitengenezea chai. Nimeshindwa kuimaliza.

Jumatatu, 26 Mei

Amekwenda na baba yake kwenye ujenzi. Shemeji hakumuuliza swali hata moja tangu barua ije. Alimwekea tu kofia na buti mlangoni, saizi yake. Mimi nilikuwa namwona hana maneno. Kumbe alikuwa hayatupi.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imepungua. Kifutio ananisimulia kazi, ananiita Mjomba vile vile, anacheka vile vile. Kila akicheka nahesabu kutoka kumi na saba mpaka ishirini na sita.

Ijumaa, 30 Mei

Jana wakati kama huu aliwaambia wenzake mbele yangu: "Mjomba angu alikosea, lakini alipojua tu, kesho yake akaniambia. Watu wangapi wanaweza?" Akanipiga bega. Wale wasichana wakanitazama kwa heshima. Nimewahi kujisifia mambo elfu ambayo sikuyafanya, na sikuwahi kuona haya. Hili sikulisema mimi, amelisema yeye, na nimeshindwa kuinua uso.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya chakula cha mchana nimemkuta anafua shati la kazini uani. Nikavuta kigoda.

"Kifutio, nilikudanganya."

"Lipi tena? La paka na maziwa?" Hakuinua kichwa.

"Sikujua baada ya barua. Nilijua kabla ya mtihani."

Mikono ikasimama kwenye povu. "Kabla lini?"

"Tarehe kumi na saba. Alhamisi. Mama Picha alinionyesha. Nilikuja mbio kukwambia."

"Alhamisi ile nilikuuliza." Akainua kichwa. "Nilikuuliza, Mjomba. Nilisema niambie kweli."

"Ulisema."

"Ukasema endelea hivyo hivyo."

"Nilisema."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vina povu, polepole, kama mtu anayehesabu kitu cha mtu mwingine asije akakosea. Alipofika cha tisa akabaki amekishika.

"Siku tisa."

Nikamwambia niliona aibu. Nikamwambia alikuwa ananitazama vile, na sikuwahi kutazamwa vile na mtu yeyote maishani, na niliogopa asinitazame tena. Ni kweli yote, na kadiri nilivyokuwa nikisema ndivyo nilivyosikia kwamba bado najizungumzia mwenyewe.

"Kusogeza mstari mmoja," akasema. "Ningehitaji mchana mmoja. Siku tisa zingetosha na kubaki." Sauti haikupanda. Heri ingepanda. "Ungesema tu hujui. Ningekwenda kwa Baba, ningekwenda kwa yule mama wa picha. Ungesema hujui, basi."

Akalikamua shati, akalitundika kambani, akalinyoosha mabega yote mawili kwa uangalifu. Akabeba beseni, akaingia ndani.

Jumatatu, 2 Juni

Dada anajua. Ameniletea chakula mlangoni, ameweka chini, hakuniita Bwana Maneno. Hakuniita chochote.

Alhamisi, 5 Juni

Pazia limekwisha mara ya pili, mstari usawa wa kamera. Mama Picha amepiga picha ya kwanza, bibi na mjukuu wake, wamesimama imara kama wamezaliwa humo. Kasema ni kazi yangu bora kuliko zote. Akauliza yuko wapi yule msichana wangu wa kushika uzi. Nikasema: "Sijui." Tena alikuwa mtaa wa pili tu, na baba yake, wanajenga.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekwisha. Jua kali, rangi inakauka upesi. Nimefungua mlango tangu asubuhi, nimeweka kigoda cha pili.

Hajaja.